Faili ninaliona kwa macho, nikilitafuta kompyuta inasema halipo

KatibuMsaidizi

Wakuu, heshima kwenu. Naombeni msaada kabla sijairusha laptopu hii dirishani.

Nina Windows 11, RAM ya GB 8, diski mbili: C ni SSD ndogo, D ni ile ya kuzunguka, kubwa lakini ya zamani. Kazi yangu ni makaratasi: mihtasari ya vikao, mikataba, barua, orodha za wanachama, risiti zilizoskaniwa. Vyote vinakaa kwenye folda moja inayoitwa KAZI, na ndani yake kuna folda za miaka. Awali KAZI ilikuwa ndani ya Documents, na nilikuwa nikiandika neno pale juu kulia kwenye kisanduku cha kutafutia, faili linatokea kabla sijamaliza neno lenyewe. C ilipojaa nikaikata KAZI, nikaibandika D. Tangu hapo ni vurugu.

Mfano halisi. Ndani ya D:\KAZI\2023 kuna faili linaitwa "Mikataba ya pango FINAL2.docx". Nipo ndani ya KAZI, naandika pango. Ule mstari wa kijani unatambaa, unatambaa, nakwenda kunywa maji, narudi, ndiyo kwanza faili limejitokeza. Naandika mkataba: halipo kabisa. Naandika jina la mdhamini ambalo najua limo ndani ya faili hilo, ukurasa wa pili: "No items match your search". Nalifungua faili, jina hilo hapo, linanitazama.

Jamaa mmoja akaniambia nibonyeze Rebuild. Nikabonyeza jioni, nikafunga kifuniko, nikaondoka. Sasa hata vile vichache vilivyobaki Documents, ambavyo vilikuwa vinapatikana vizuri, navyo havipatikani. Risiti za PDF ndiyo usiseme, hizo hata zamani zilikuwa haziji nikitafuta kilichoandikwa ndani.

Tatizo ni diski? Ni Windows? Ni mimi sijui kutafuta?

Mpita_Njia

Piga Windows upya mkuu. Hayo mambo ya search ya Windows hayajawahi kukaa sawa. Kwangu mimi kuna siku nabonyeza Start, naandika, natolewa weupe mtupu. Nikipiga upya inapona.

FundiBubu

Usipige Windows. Kupiga Windows kwa sababu ya utafutaji ni kazi ya siku nzima kuondoa tatizo la dakika chache, halafu ukimaliza KAZI itakuwa bado iko D na tatizo liko palepale.

Na huo weupe wa Mpita_Njia ni habari nyingine. Kisanduku cha Start huchanganya mafaili yako na majibu ya mtandaoni kutoka Bing. Ndiyo maana tarehe 5 Februari 2020 watu wengi duniani walifungua Start kwenye Windows 10 wakakuta weupe siku hiyohiyo: kosa lilikuwa upande wa seva, si kwenye kompyuta zao, na lilirekebishwa hukohuko. Aliyepiga Windows upya siku ile alipona kwa bahati ya saa.

Turudi kwa Katibu. Una matatizo manne, si moja, na yamekaa juu ya mwenzake ndiyo maana yanaonekana kama wazimu. Tuanze na mawili.

Windows haitafuti mafaili unapoandika neno. Inasoma faharasa iliyoitengeneza mapema, kama karani wa masjala anayejibu kwa kuangalia daftari la kumbukumbu bila kunyanyuka kwenda kwenye rafu. Kilichomo daftarini unakipata papo hapo, pamoja na maneno ya ndani ya faili. Kisichokuwa daftarini, anainuka kwenda kupekua rafu moja baada ya nyingine, na akifika anasoma majalada nje tu, hafungui. Mstari wako wa kijani unaotambaa ni huyo karani anatembea. Na ndiyo sababu pango ilipatikana, maana iko kwenye jina, lakini mdhamini hakupatikana, maana yuko ndani.

KAZI ilipokuwa Documents ilikuwa ndani ya faharasa. Katika hali ya kawaida, ile inayoitwa Classic, Windows huorodhesha maktaba zako (Documents, Pictures, Music) na Desktop, basi. D haimo. Ulipokata na kubandika, uliitoa KAZI daftarini na hakuna aliyekuambia.

Fanya hivi. Bonyeza Start, andika Indexing Options, fungua. Ni dirisha la kizamani, halijabadilika tangu enzi, na ndilo ninaloliamini kuliko kurasa mpya za Settings. Juu kabisa linasema idadi ya vitu vilivyoorodheshwa na hali ya kazi. Chini yake ni orodha ya mahali panapofuatwa. Utaona D haipo. Bofya Modify, panua D, weka tiki kwenye KAZI. KAZI peke yake, usiweke D nzima. Kuna watu watakuambia uende Settings ukachague Enhanced, ambayo inaorodhesha kompyuta yote. Kwa mashine yako sikushauri: itakula betri na prosesa kwa ajili ya mafaili ya programu ambayo hutayatafuta maisha yako yote. Microsoft wenyewe wanaandika kwamba faharasa ikipita vitu 400,000 huanza kulemewa, na mwisho wake ni kama milioni 1. Faharasa ndogo ni faharasa yenye afya.

Sasa hiyo Rebuild. Rebuild inafuta daftari lote na kuanza ukurasa wa kwanza. Haikuharibu kitu, ila haijamaliza. Ulifunga kifuniko, laptopu ikalala, na kazi ikalala nayo. Tena Windows ikiwa kwenye betri hupunguza au husimamisha kuorodhesha, na ukiwa unaitumia hupunguza mwendo pia. Utaona imeandika "Indexing speed is reduced due to user activity". Kwa hiyo ongeza KAZI kwanza, chomeka chaji, zuia isilale, iache usiku kucha bila kuigusa. Ukikuta "Indexing complete" ndipo uje tuzungumze. Usibonyeze Rebuild tena katikati kwa kukosa subira, maana kila ukibonyeza unarudi mwanzo. Nimeshaona watu wanaibonyeza kila asubuhi halafu wanalalamika haimalizi.

Kama asubuhi idadi haijasogea hata kidogo, fungua services.msc, tafuta Windows Search. Inatakiwa iwe Running, na Startup type iwe Automatic (Delayed Start). Hiyo Delayed maana yake huchelewa kidogo baada ya kuwasha, usiogope. Kama imewekwa Disabled, kuna mtu alikuja "kuharakisha" kompyuta yako. Na kama idadi inakwenda halafu inagota palepale kila mara, hapo nitaanza kuitilia shaka hiyo diski ya kuzunguka: fungua Command Prompt kama msimamizi, andika chkdsk D: /scan. Mafaili ya mfumo yenyewe hukaguliwa kwa sfc /scannow. Hayo yote huja kabla ya kufikiria kupiga Windows.

Pengwini

Fundi yuko sawa, naongeza kidogo tu. Wakati faharasa inajijenga, Katibu weka Everything ya voidtools, programu ya kutafutia mafaili. Ni ya bure. Haipiti folda kwa folda. Inasoma moja kwa moja lile jedwali kuu la NTFS (mfumo ambao Windows hutumia kupanga mafaili diskini) ambamo kila faili limeandikwa jina, kwa hiyo D yako yote inaisoma haraka mno, kisha inafuata mabadiliko kupitia jarida la diski. Unaandika herufi tatu, orodha inajipunguza yenyewe. Ila ujue ni ya majina. Ya ndani ya mafaili inaweza, lakini bila faharasa, kwa hiyo ni polepole. Flashi zenye mifumo mingine, FAT au exFAT, lazima uziongeze kwa mkono kwenye sehemu ya folda.

Kwa wenzangu wa Linux wanaopita hapa: amri ya kutafutia, locate, inasoma hifadhidata inayojazwa na updatedb, kwa hiyo faili ulilotengeneza sasa hivi halitaonekana mpaka updatedb ipite. Hadithi ileile ya daftari. Na wa Mac, sudo mdutil -E / inafuta faharasa ya Spotlight, utafutaji wa Mac, na kuianza upya. Mdutil -s / inakuonyesha hali yake.

KatibuMsaidizi

Nimerudi. Fundi, Mungu akuweke.

KAZI haikuwemo kwenye orodha, kama ulivyosema. Nimeiongeza, nikaiacha kwenye chaji usiku, asubuhi "Indexing complete". Pango sasa inakuja papo hapo. Yule mdhamini kaja, tena na barua zake mbili nilizozisahau. Windows Search ilikuwa Running, sikuigusa.

Yamebaki haya. Kwanza, nikiandika mkataba bado hainiletei faili lenye jina "Mikataba". Pili, risiti za PDF hakuna kitu. Tatu, kuna folda ya 2021, mle majina yanapatikana lakini ya ndani hayapatikani, na ni docx kama hizi nyingine.

Everything nimeiweka. Nimeandika taba, imeleta vyote, mikataba, mkataba, na "kitabari" fulani ambacho ni jina nililokosea kuandika. Kwa nini hii inaweza na Windows haiwezi?

FundiBubu

Hilo la kwanza ndilo ninalolipenda, maana halizungumzwi popote na linatusumbua sisi tu.

Windows inatafuta kwa mwanzo wa neno. Ukiandika rip, inaleta ripoti. Ukiandika poti, hailetei ripoti. Kwa mtu anayeandika Kiingereza hii haina shida sana, kwa sababu maneno yao hubadilika mkiani. Ukiandika umoja, wingi wake unakuja wenyewe kwa kuwa umeongezewa herufi mwishoni. Kiswahili hubadilika kichwani. Mkataba na mikataba, kikao na vikao, muhtasari na mihtasari, mdhamini na wadhamini, cheti na vyeti: kwa Windows hayo ni maneno mawili yasiyojuana, yako kurasa tofauti za daftari. Haijui kuvua viambishi vyetu. Vitenzi ndiyo balaa zaidi: amelipa, walilipa, hajalipa, italipwa. Ukiandika lipa unapata zile barua chache zilizosema "lipa" kavu.

Everything inaangalia herufi popote zilipo ndani ya jina, ndiyo maana taba ilitosha.

Kwenye Windows una njia mbili. Kwa majina ya mafaili, weka nyota mbele: *kataba. Hiyo inashika mkataba na mikataba. Kwa maneno ya ndani nyota ya mbele haisaidii, faharasa haikujengwa hivyo. Hapo unaandika yote mawili na OR katikati, kwa herufi kubwa: mkataba OR mikataba. Ukiandika or kwa herufi ndogo italichukua kama neno la kutafutwa.

Lakini ukiniuliza mimi ninavyofanya, sitafuti kwa neno linalobadilika. Natafuta kwa lile lisilobadilika. Barua, risiti, ripoti, ankara, orodha hazina umoja na wingi tofauti, hizo ni salama. Jina la mtu ni salama. Namba ya kumbukumbu ni salama kuliko vyote. Na majina ya mafaili mapya nayapa umoja siku zote, hata kama ndani ni mikataba kumi, ili nisijiulize.

Halafu punguza uwanja. Andika pango ext:docx datemodified:2023 utaona. Ukiweka maneno hivyo bila kitu katikati, Windows inataka yote yatimie. Tarehe ya kubadilishwa haiguswi na kuhamisha faili kutoka C kwenda D, kwa hiyo usihofu. Kuna size:>10MB kwa kuwinda mafaili manene, na kind:document kama hukumbuki ni docx au ni nini. Alama za mtajo nazo zina kazi: "kikao cha dharura" ndani ya alama huleta maneno hayo matatu yakifuatana.

La 2021 nitalirudia, naona Mkutubi anaandika.

Mkutubi

Ninaandika, ndiyo, kwa vidole viwili.

Katibu, hizo risiti ni picha. Zimevaa jina la PDF lakini ndani hakuna herufi hata moja, ni picha ya herufi. Jaribu mwenyewe: fungua risiti moja, bonyeza Ctrl na F, andika neno unaloliona kwa macho. Kama PDF yenyewe ikiwa imefunguliwa hailipati, hakuna faharasa duniani itakayolipata. Rebuild mpaka kesho kutwa.

Kabla ya hapo hakikisha kitu kimoja ili tusimsingizie skana. Kwenye Indexing Options, bofya Advanced, kisha File Types, shuka hadi pdf. Chini chagua "Index Properties and File Contents". Pembeni ya pdf kuna jina la kichujio kinachoisoma. Ikiwa imeandikwa "Registered IFilter is not found" basi hata PDF zenye maandishi halisi hazitasomwa ndani, na mara nyingi hutokea baada ya kuondoa programu fulani ya kusomea PDF iliyokuwa imejitwalia kazi hiyo. Windows ina kichujio chake cha PDF tangu toleo la 8, kwa hiyo kikawaida hapo huwa sawa.

Sasa picha. Unahitaji OCR, yaani programu inayosoma picha na kuweka tabaka la maandishi chini yake. Ukurasa unabaki na sura yake, mihuri na sahihi ziko palepale, ila sasa kuna maneno nyuma ya picha ambayo Windows inaweza kuyaorodhesha. Kwenye Windows mimi natumia NAPS2, ya bure. Inaskani, lakini pia inakubali PDF ulizonazo tayari: unaziingiza, unawasha OCR, unazihifadhi upya. Ndani yake inafanya kazi Tesseract, na Tesseract ina data ya Kiswahili. Chagua Kiswahili, usiiachie Kiingereza. Ukiiachia Kiingereza inajitahidi kulazimisha maneno yetu yafanane na inayoyajua, na matokeo yake ni kichekesho.

Nyakati zijazo skani kwa dpi 300 (nukta kwa kila inchi). Chini sana ya hapo inaanza kuchanganya herufi, hasa ni na m, rn na m, l na 1. Karatasi iliyopinda au picha ya simu iliyopigwa kwa kivuli nayo ni tabu.

Risiti zilizojazwa kwa mkono usipoteze muda nazo. Tesseract imetengenezwa kwa maandishi ya chapa. Hizo zipe jina linaloeleweka na uendelee na maisha. Mimi huanza na tarehe, mwaka kwanza: 2023-04-17 risiti, kisha jina la aliyelipa. Zikipangwa kwa jina zinajipanga kwa tarehe zenyewe, na utafutaji wa jina unazileta bila kuhitaji ya ndani. Nimekuwa nikiwaambia watu hili miaka mingi, wanaitikia, kisha wananiletea "Scan0047".

Pengwini

Kwa wingi wa faili, Linux: ocrmypdf -l swa risiti.pdf risiti_mpya.pdf. Hiyo swa ni Kiswahili, na ni Tesseract ileile. Kama folda imechanganyika, baadhi ya PDF zina maandishi tayari, ongeza --skip-text ili kurasa zenye maandishi zipite bila kuguswa. Tesseract ni mzee wa siku nyingi, ilianzia Hewlett-Packard miaka ya 1980, ikafunguliwa kwa umma 2005.

Kisha weka Recoll, programu ya kutafutia ndani ya mafaili, juu yake. Recoll inakubali nyota mwanzoni hata kwa maneno ya ndani ya mafaili, *kataba, *lipa, chochote. Inachelewa kidogo ukifanya hivyo, na wenyewe wanaonya, lakini kwa Kiswahili mimi nachelewa kwa furaha.

Onyo: msihangaike na grep au findstr, zile amri za kutafuta maneno ndani ya mafaili, kwa docx. Docx ni zip, maneno ndani yake yamebanwa. Utaambiwa hakuna, na utaamini.

Mpita_Njia

Kumbe. Mimi nilikuwa natumia findstr nikadhani nimefuta ripoti zangu zote.

FundiBubu

Katibu, sasa folda ya 2021. Majina yanapatikana, ya ndani hayapatikani, na folda nyingine zenye docx zilezile ziko sawa. Hilo linatuondoa kwenye aina ya faili na kwenye mahali. Linabaki kwenye mafaili yenyewe, na hapo nina washukiwa watatu.

Wa kwanza ni nywila. Docx iliyofungwa kwa nywila imesimbwa ndani, kichujio hakiwezi kuisoma. Ukifungua faili la 2021 linakuuliza nywila?

Wa pili ni hifadhi ya mtandaoni. Kama folda hiyo iko OneDrive na ina alama ya wingu, jina lipo kwenye mashine lakini mwili haupo, uko mtandaoni. Windows haiupakui ili kuusoma tu. Unabofya kitufe cha kulia cha kipanya, unachagua "Always keep on this device". Ila kwa kuwa umesema KAZI iko D, huyu simwamini sana.

Wa tatu ndiye ninayemwekea dau. Bofya kulia folda ya 2021, Properties, kisha Advanced pale chini. Kuna sentensi ndefu inayosema mafaili ya folda hii yaruhusiwe kuorodheshwa yaliyomo pamoja na sifa zake. Je, ina tiki?

KatibuMsaidizi

Nywila hapana. OneDrive hapana.

Tiki haina. Folda nyingine zote zina tiki, 2021 peke yake haina. Imetokaje?

FundiBubu

Mwaka huo kuna mtu aliigusa kompyuta yako, au ile uliyokuwa nayo kabla ya hii. Ni ushauri wa zamani unaozunguka: "ondoa tiki hiyo, kompyuta itakuwa nyepesi". Ni sifa inayobebwa na folda, na mafaili mapya yanayotengenezwa ndani yake huirithi. Unaihamisha folda, nayo inahama imevaa sifa yake.

Rudisha tiki, bofya Apply, ikikuuliza kama ihusishe folda ndogo na mafaili yote, kubali. Kama dirisha linakuzungusha, Command Prompt inafanya kwa mstari mmoja: attrib -i "D:\KAZI\2021\*" /s /d. Hiyo i ndiyo sifa ya "usiorodheshe yaliyomo", na alama ya kutoa inaiondoa. Kwa folda yenyewe rudia bila nyota.

Huhitaji Rebuild. Windows itaona mabadiliko na kuyafuata yenyewe. Ipe muda, angalia ile idadi kwenye Indexing Options ikipanda.

Ukimaliza, angalia na diski D yenyewe: bofya kulia D, Properties, chini kabisa kuna tiki ya namna hiyohiyo kwa diski nzima.

KatibuMsaidizi

Ya D ipo. 2021 nimeirekebisha, idadi inapanda ninavyoandika hapa. Nimeshajaribu jina moja la mle ndani, limekuja.

Risiti nimeanza na NAPS2. Zilizochapwa zinasomeka vizuri kuliko nilivyotarajia, ila muhuri unapopita juu ya maandishi inatoa takataka. Zilizoandikwa kwa mkono nazipa majina kama Mkutubi alivyosema, mwaka kwanza. Ni nyingi.

Swali la mwisho, Fundi. C yangu ni ndogo na ndiyo iliyonifanya nihame. Hii faharasa inakaa wapi, na itanijazia C tena?

FundiBubu

Inakaa C:\ProgramData\Microsoft\Search\Data, folda imefichwa. Kwenye Windows 11 faili lenyewe ni Windows.db, kwenye Windows 10 na za nyuma lilikuwa Windows.edb, na hilo la zamani ndilo lililokuwa na tabia ya kunenepa bila sababu. Kwa kawaida faharasa huwa chini ya asilimia 10 ya ukubwa wa mafaili inayoyaorodhesha, na wewe umeweka KAZI tu, kwa hiyo haitakutisha.

Ukitaka kuihamisha inawezekana: Indexing Options, Advanced, Index location, "Select new". Lakini usiipeleke D. Faharasa inasomwa na kuandikwa vipande vidogovidogo muda wote, na hiyo ndiyo kazi ambayo diski ya kuzunguka inaiweza vibaya kuliko zote. Iache kwenye SSD. Kama C inakubana, toa kitu kingine.